Nilivyotundika daluga na kuhamia Mwaloni

Watu wa Mwanza walioniona nikicheza namba sita bado wananiita Mkata Umeme, hata wanapokuja kununua dagaa kwangu Mwaloni, soko la samaki. Nalipenda jina hilo, nimelitolea jasho pale uwanja wa Kirumba. Leo nyumba yangu inaendeshwa na dagaa, na naandika haya kwa ajili ya vijana wa Ligi Kuu wanaopewa ushauri ule ule niliopewa mimi.

Goti la kulia ndilo lililonitoa uwanjani. Kiungo mkabaji anageuka na kusimama ghafla mechi nzima, na kano za goti ndizo zinazoumia. Timu yangu ya mwisho ilinichoma sindano za maumivu ili nicheze, huku mishahara ikichelewa kwa miezi. Kijana, sindano inaondoa maumivu, kano inabaki imechanika. Kataa.

Nilipostaafu nilibaki na milioni kadhaa za dau la usajili la mwisho, na kila mtu akawa mshauri. Shemeji alitaka ninunue Noah ya abiria. Wengine walisema nifungue baa, jina langu litajaza watu. Nilikuwa nimeshaona baa za wenzangu: waliojaa walikuwa marafiki wanaokunywa kwa mkopo, na milango ikafungwa.

Mpira wa hapa hauna uhakika wa kuulalia. Mwaka 2017 Mbao, timu ya hapa Mwanza, walifika fainali ya Kombe la Shirikisho wakafungwa na Simba 2-1 kwenye muda wa nyongeza pale Dodoma, na jiji zima likaamini Mwanza imefika. Mwaka 2020 Mbao na Alliance, zote za hapa Mwanza, zikashuka daraja msimu mmoja. Pamba ndio waliorudisha heshima walipopanda mwaka 2024 wakiwa Pamba Jiji. Kati ya hapo wachezaji wangapi walikaa nyumbani bila mkataba? Ndiyo maana napandwa na hasira mtu akimwambia kijana, "Wewe cheza tu, mengine yatakuja."

Ushauri ulioniumiza kuliko wote ulitoka kwa tajiri mmoja wa mitumbwi. Aliniambia, "Kaka, nunua mtumbwi, mashine, nyavu na taa. Vijana watakuvulia, wewe kazi yako kupokea." Hakuniambia kwamba dagaa wanavuliwa gizani, taa zikiwavuta juu ya maji, na mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti, vyombo vinapaki na hela inasimama. Hakuniambia pia kwamba mafuta na chakula vinakatwa kwanza ndipo kinachobaki kigawanywe, wala kwamba mwenye chombo anayelala mjini Kirumba huku vijana wake wakiwa upande wa kisiwa cha Ukerewe hajui kilichoingia wavuni. Samaki wangu walikuwa wakiuzwa usiku huko huko majini. Nikauza mtumbwi na mashine kwa bei ya kutupa. Nyavu zilikuwa zimechanika, hakuna aliyezitaka, nikarudi nazo nyumbani.

Nyavu hizo ndizo zilizoniokoa. Nilikuwa nashinda Mwaloni nikiangalia wanunuzi wa mikoani na wa Kongo. Mnunuzi anachota dagaa mkononi, anatafuna, akikuta mchanga anatema na kushusha bei palepale. Dagaa wengi wanaanikwa chini ufukweni, mchanga wataukwepaje? Mama mmoja wa Kikerewe pale Nansio, Ukerewe, alinionyesha chanja yake, miti na waya, dagaa juu, hewa inapita chini na juu. Wake walikuwa weupe, wanang'aa, na wanakauka mapema. Waya ndio ulikuwa ghali, chanja moja ndefu ingenimaliza.

Hapo nikakumbuka nyavu za goli. Timu na shule zinapobadilisha nyavu, zile kuukuu zinatupwa stoo. Nilizunguka nikiomba, na wengi walinipa bure kwa sababu ya jina. Wavu wa goli umetengenezwa kupokea mashuti, kamba yake ni nene, ila matundu yake ni makubwa mno kwa dagaa. Basi nikautandaza chini ubebe uzito, juu yake nikalaza zile nyavu zangu za dagaa zilizochanika, zenye tundu la milimita nane, nikiziba viraka kwa sindano ya wavuvi. Chanja ya kwanza ilibonyea katikati, dagaa wakajikusanya na kupata joto kama waliofunikwa. Mama akasema, "Mwanangu, kaza kutoka chini." Tukapitisha kamba za urefu chini ya wavu, tukaingiza kijiti kwenye kila kamba na kukizungusha mpaka ikakaza kabisa. Ikilegea, unazungusha tena. Chanja tuliipandisha usawa wa kiuno, kinamama wanageuza dagaa bila kuinama na mbuzi hawafiki. Gunia la kwanza lisilo na mchanga niliuza Mwaloni kabla jua halijapanda, na mnunuzi akauliza nina mengine mangapi.

Wakati wa masika weka turubai karibu, na uelewane mapema na wanaotengeneza chakula cha kuku, kwa sababu dagaa walionyeshewa mvua wao watawachukua, kwa bei ya chini. Na wewe unayecheza bado, nenda mwenyewe NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ukaulize kama makato yako yanafika. Usisubiri kuambiwa na klabu.

Mbalamwezi ikitoka na vyombo vikapaki, nashinda uwanja wa Nyamagana nikifundisha watoto kukaba bila kucheza rafu. Goti haliniruhusu kukimbia kwenye nyasi bandia, ila kuelekeza naweza, na wapo wawili watatu nitakaowaona Kirumba.

Sasa najenga chanja nyingine Nansio. Mwenye nyavu za goli zilizochakaa asizichome moto. Anitafute Mwaloni, siku hizi nazinunua.