Mvua ya mawe na mashine ya nje ya kiyoyozi

Hapa Fort Worth, Texas, mvua ya mawe hunyesha zaidi majira ya kuchipua, na kila inapokatika majirani hutoka kukagua vitu viwili tu: paa na gari. Mashine ya nje ya kiyoyozi, ile inayokaa nyuma ya nyumba juu ya kibao cha zege, hakuna anayeikumbuka hadi Julai, joto linapovuka nyuzi 38 za Selsiasi na nyumba ikakataa kupoa ingawa feni inavuma mchana kutwa. Kufikia hapo ni vigumu kuithibitishia kampuni ya bima kwamba makovu yale yaliletwa na mawe ya Aprili.

Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tunaijua mvua ya mawe kuwa adui wa mashamba, na wakulima wa chai wa Kericho na Nandi wanaweza kuieleza kuliko mimi. Kiyoyozi cha nyumba nzima ni jambo tulilolikuta huku, kwa hiyo ni vyema kueleza kwanza kinachoumia. Ndani ya mashine ya nje mna koili, yaani paipu, mara nyingi za shaba, zinazopita katikati ya vibapa vya alumini vyembamba mno, vilivyopangwa zaidi ya kumi katika kila inchi. Gesi hufika hapo ikiwa imebeba joto la ndani ya nyumba, na feni huvuta hewa kupita kati ya vibapa ili joto hilo litoke. Jiwe la mvua likisukumwa na upepo hupiga ubavuni, na vibapa hulaliana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Hewa inapokosa njia, shinikizo la gesi hupanda, kompresa hufanya kazi kwa nguvu zaidi, bili ya umeme huongezeka, na umri wa mashine hupungua kimya kimya.

Idara ya hali ya hewa ya Marekani imekuwa ikiihesabu dhoruba kuwa kali tangu 2010 ikiwa mawe yake yana upana wa inchi 1 au zaidi. Mawe ya ukubwa wa mpira wa gofu, yaani inchi 1.75, huacha alama ambazo hata asiye fundi huziona. Kwa kawaida upande uliokabili upepo huwa umekunjwa wote, ilhali upande wa ukutani uko salama, na tofauti hiyo yenyewe ni ushahidi. Piga picha pande zote siku hiyo hiyo. Mkaguzi wa bima akija, huenda ukamwona akipaka chaki juu ya bati na vibapa ili mibonyeo ijitokeze. Mwache afanye, kisha nawe upige picha za chaki hiyo.

Hapo ndipo mvutano huanza. Muuzaji atasema mashine yote ibadilishwe, na kampuni ya bima itasema ni sura tu iliyoharibika. Kwa maoni yangu wote wawili wanakisia mpaka fundi apime. Apime shinikizo la gesi, na apime joto la hewa inayoingia katika mfumo na ile inayotoka. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 11 hivi za Selsiasi huonyesha kwamba kwa sehemu kubwa mashine bado inapooza vizuri. Vibapa vilivyolala bila paipu kutoboka hunyooshwa kwa kitana maalumu chenye meno yanayolingana na nafasi zake. Ni kazi ya kuchosha, lakini ni nafuu mno kuliko mashine mpya. Koili za kisasa za alumini tupu, zenye vijia vidogo vya gesi, ni ngumu zaidi kunyoosha, na zikitoboka kwa kawaida hubadilishwa.

Kubadilisha nako kumekuwa na utata. Tangu 1 Januari 2025 viyoyozi vipya vya nyumbani vinavyotengenezwa kwa soko la Marekani havitumii tena gesi ya R-410A, bali R-32 au R-454B, na mashine mpya ya nje haiwezi kuunganishwa tu na koili ya zamani iliyo ndani ya nyumba. Hoja hiyo iwekwe mezani mapema, kabla bima haijakubali kulipia upande mmoja pekee.

Soma pia mkataba wako. Huku Texas sehemu unayojilipia mwenyewe kwa hasara ya upepo na mawe mara nyingi ni asilimia 1 au 2 ya thamani iliyokatiwa bima. Kwa nyumba ya dola 300,000, asilimia 2 ni dola 6,000. Kiyoyozi peke yake huenda kisifike hapo, ndiyo maana kiingizwe katika dai moja na paa. Mkandarasi akikuahidi kuifuta sehemu yako, mfunge mlango: sheria ya Texas imekataza hilo tangu Septemba 2019.

Kwa kinga, kuna wavu wa chuma unaofungwa mbele ya koili ukiacha nafasi ya hewa kupita. Blanketi hufaa tu ikiwa mashine imezimwa kwanza na itafunuliwa kabla ya kuwashwa. Mimi nimefunga wavu upande wa magharibi na wa kaskazini, huku upande wa ukutani nikiuacha wazi.