Sungura wa Mjomba

Mjomba wangu alikuja kutoka Kitui kutolewa mtoto wa jicho, akakaa kwangu Kayole wiki tatu. Kufika siku ya nne alikuwa ameshachoka na kuku wa gredi.

"Mpwa wangu, hapa Nairobi hakuna hata sungura wa porini?"

Nikamkumbusha kwamba uwindaji ulipigwa marufuku nchini tangu 1977, na ile sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mzaha. Ukishikwa na sungura wa msituni, KWS, wale askari wa wanyamapori, hawatakuuliza kama mjomba alikuwa na hamu. Akacheka. Mwaka huo wa 1977 yeye alikuwa na mbwa wawili na sifa kijiji kizima.

Tukakubaliana wa kufugwa. Kuna mzee nyuma ya ploti yetu anawafuga kwenye vizimba vya mbao na wavu. Akaniuzia dume la kilo tatu hivi, akanichinjia, ila kuchuna akakataa. "Hiyo ni kazi yako, kijana."

Nikaingia jikoni na mzoga, mjomba akiwa kwenye kiti na bandeji jichoni, akinielekeza kwa mdomo. Nilikuwa nishaanza kukata ngozi kutoka juu, na manyoya yalikuwa yanapepea hadi kwenye sufuria ya chai. Akasikia mama watoto akilalamika.

"Umelowesha manyoya?"

Sikuwa nimelowesha. Nikapaka maji, yakalala. Kisha akanifundisha lile ambalo sitalisahau: kata kidogo kwenye vifundo vya miguu ya nyuma, pitisha ncha ya kisu chini ya ngozi, ukate kuelekea nje. Ukikata kuelekea ndani, kisu kinayaingiza manyoya nyamani. Baada ya hapo kisu nikakiweka kando, nikamtundika miguu juu na kuvuta ngozi kwa mikono, taratibu, ikashuka kama sweta anapovuliwa mtoto.

Tumbo nililipasua kwa vidole viwili vikiinua nyama, nisitoboe matumbo wala kibofu. Nyongo nikaibana na kuikata pamoja na kipande kidogo cha ini, maana ikipasuka umeharibu chakula. Ini lenyewe mjomba alitaka nimweleze rangi yake. Jekundu kama damu ya mzee, nikamwambia, halina vidoa vyeupe. "Basi hilo ni langu." Lingekuwa na vidoa ningelitupa, ni dalili ya ugonjwa unaowapata sungura vizimbani.

Aliniambia nilaze nyama kwenye maji ya chumvi hadi kesho yake. Mzoga unakakamaa baada ya kuchinjwa, na ukiupika wakati huo unatafuna mpira. Lakini mimi ni mtu wa kuharakisha. Jioni hiyohiyo nikakata mguu mmoja wa nyuma, nikaukaanga mafuta mengi kama kuku. Tulitafuna mpaka taya zikauma. Mjomba hakusema neno, aliweka mfupa pembeni ya sahani akaomba chai.

Kesho yake nikatii. Nikaosha, nikabandua ule utando mweupe wa mgongoni kwa ncha ya kisu, nikakausha kwa kitambaa. Sungura hana mafuta ya kumlinda, kwa hivyo nilikaanga vitunguu na tangawizi kwanza, vipande vikageuka rangi tu, kisha nyanya, maji kiasi, kifuniko. Niliwasha jiko la makaa pale barazani kwa sababu gesi ingeisha, na kwa saa moja na nusu mchuzi ulichemka polepole. Mgongo niliutia mwishoni, ni laini, ungekauka. Dania juu, ugali pembeni.

Mjomba alipapasa mfupa wa paja kwa kidole, nyama ikaachana nao yenyewe. Akatikisa kichwa.

"Ngozi umeweka wapi?"

Ilikuwa ishaenda na gari la taka asubuhi. Sikumwambia hadi alipomaliza kula.