Kufuata ukoo wa Quaker wa Marekani ukiwa Kaimosi

Hole, Chilson na Hotchkiss, wamisionari wa Kanisa la Marafiki (Quaker) waliofika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, walitoka Marekani. Ukitaka kufuata ukoo wa Quaker wa huko, rudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Ukiruka, utaangukia mtu mwingine mwenye jina lilelile.

Sensa ya Marekani ya 1850 ndiyo ya kwanza kutaja kila mtu huru wa nyumba kwa jina. Za 1790 hadi 1840 humtaja mkuu wa nyumba, wengine ni idadi tu. Ya 1890 karibu yote imepotea.

Kwa miaka ya nyuma zaidi, tafuta kumbukumbu za mikutano ya kila mwezi (ndivyo Quaker wanavyoita makutaniko yao): kuzaliwa, ndoa, na hasa vyeti vya kuhama, maana hutaja mkutano walikotoka. Baadhi zinasomeka bure kwenye FamilySearch, tovuti ya kutafuta nasaba.

Mtego ni tarehe. Quaker waliita miezi kwa namba, na kabla ya 1752 mwezi wa 1 ulikuwa Machi. Ni kama saa zetu: saa moja asubuhi si 1:00. "Mwezi wa 12, 1731" ni Februari 1732. Nakili kama ilivyoandikwa, tafsiri yako iwe pembeni.