Mstari wa tope ukutani

Jana tulikuwa Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, kikundi chetu cha utafiti wa tabianchi: mhandisi wa maji, mwanasheria, mtu wa takwimu, na mimi wa isimu (ndiyo, isimu, hata mamangu huniuliza nafuata nini huko). Mhandisi alibeba ramani yake ya mafuriko ya 2024, imejaa rangi. Mama mmoja muuza sukuma wiki akaitazama, akacheka, akatuita nyuma ya kibanda. Ukutani kuna mstari wa tope, unanifika kifuani. Kwenye ramani, hapo maji ni ya magotini.

Halafu hojaji. Tulikuwa tumeuliza kuhusu "ustahimilivu". Mzee mmoja akanikazia macho: "Kustahimili ni kuvumilia. Kwani mnataka tuvumilie zaidi?" Nilikosa jibu. Mukuru, mtaa mwingine wa mabanda Nairobi, ilipotangazwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017 (yaani eneo la kupangwa upya kwa utaratibu wake), wanavyuo wa fani mbalimbali walikaa na wakazi kupanga. Sisi tulianzia kwenye kompyuta.

Tukafuta swali, tukauliza: maji yakija usiku, unabeba nini kwanza? Watu wakafunguka. Kitambulisho. Mtungi wa gesi. Sare za watoto.

Jumatatu tunarudi na utepe wa kupimia. Mhandisi bado amenuna.