Laptopu ya zamani: anza na diski

Watu wengi wanaoniletea laptopu za zamani wameshakata tamaa. Inawaka polepole, ukifungua kivinjari inaganda, na kuna aliyekwisha kuwaambia kwamba prosesa imezeeka. Mara nyingi prosesa haina tatizo lolote. Fungua dirisha linaloonyesha matumizi ya mashine: ukikuta diski iko asilimia 100 huku prosesa ikisoma 10 au 15, basi prosesa imekaa tu inasubiri diski.

Diski ya kuzunguka ina mkono unaohama huku na huko kutafuta vipande vya data, na kuwasha mfumo ni kusoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. SSD, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu, haina mkono wala kitu kinachozunguka. Ndiyo maana nikiulizwa kitu kimoja cha kununua, jibu langu ni SSD ya SATA (aina ya plagi ya diski) ya inchi 2.5, hata ile ya kawaida kabisa.

Chukua mfano wa ThinkPad X220 ya mwaka 2011, mashine ninayoipenda sana. Chomoa chaja, toa betri, fungua skrubu moja ya kifuniko cha ubavuni, kisha vuta diski taratibu. Hakikisha SSD yako ina unene wa milimita 7, maana ya milimita 9.5 haiingii. RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, iko chini ya kifuniko kingine upande wa tumboni: ni ya aina ya DDR3 ya laptopu, na GB 8 zinatosha kazi za kila siku. Kadi ya RAM iingize kwa mshazari, kisha ikandamize mpaka vibanio vya pembeni vilie “ta”. Visipolia, haijakaa.

Kuhusu mfumo, Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo mashine hii haina. Zipo njia za kuilazimisha, lakini siwashauri watu kuzitumia kwenye kompyuta wanayoitegemea. Mimi huweka Linux Mint, mfumo wa bure, toleo lake jepesi la Xfce. Andaa flashi yenye Mint kwenye kompyuta nyingine, ichomeke kwenye laptopu, washa huku ukibonyeza F12, chagua flashi. Itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, kwa hiyo jaribu kwanza Wi-Fi, sauti, kamera na mwanga wa skrini. Vikikubali, ndipo usakinishe. Mafaili yako yawe yameshanakiliwa kwingine kabla ya hapo, tafadhali sana!

Kuna hitilafu moja inayowasumbua watu bure. Intaneti ipo, lakini kila tovuti inakataa kufunguka ikidai si salama. Tazama saa. Kama tarehe imerudi nyuma miaka kadhaa, vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana bado havijaanza kutumika. Chanzo ni betri ndogo ya bodi, ambayo kwa laptopu nyingi za umri huu ni CR2032, betri ya duara kama sarafu, yenye waya na plagi ndogo. Irekebishe saa kwa sasa, kisha panga kuibadilisha betri hiyo.

Joto nalo usilipuuze. Vumbi hujibana kati ya feni na mapezi ya shaba, likashikana kama kipande cha blanketi, na kupuliza kutoka nje hakulitoi. Ni lazima ufungue, na kwenye X220 hiyo ni kazi ndefu. Kama hujazoea, mpe fundi. Ukipuliza mwenyewe, zuia feni kwa kijiti isizunguke. Pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa ifute kabisa, upake mpya kidogo tu.

Betri kubwa iache mwisho. Kwenye Linux andika upower -d, ulinganishe energy-full (chaji inayobeba sasa) na energy-full-design (iliyobeba ilipokuwa mpya). Ya kwanza ikiwa chini ya nusu ya ya pili, nunua nyingine. Lakini ikiwa imevimba, itoe leo hii, usiichaji tena wala kuitoboa, na uipeleke wanakopokea betri chakavu.