Siku moja maishani mwangu: kuotesha msitu ndani ya timbo

Saa 12 na nusu asubuhi nishafika timboni. Nikisema nafanya kazi timboni, watu hudhani navunja mawe. Mimi napanda miti pale mawe yalipokwisha kuchimbwa, huku kaskazini mwa Mombasa. Chini ni mwamba mtupu wa matumbawe, jua likipanda weupe wake unachoma macho, na udongo hupati hata wa kujaza kiganja.

Kumwagilia miche, kung'oa magugu, kusogeza viriba, ile mifuko ya miche, kivulini: mpaka saa 2 hayo yamekwisha. Kila kiriba cha mvinje, mti wa pwani wenye majani kama sindano, nakitilia udongo kidogo niliouchota chini ya mvinje mkubwa. Una bakteria wanaofanya vinundu mizizini, na vinundu hivyo ndivyo vinavyoupa mti naitrojeni ya hewani. Ndiyo maana mvinje hutangulia mahali ambapo miti mingine inakufa. Jirani zetu wa kiwanda cha saruji cha Bamburi walipoanza kupanda miti timboni mwao mwaka 1971, mtaalamu wao Dkt. René Haller alijaribu aina 26 za miti, zikasalimika tatu tu, mvinje ukiwemo.

Saa 3 nikaenda kwenye shamba la mivinje ya miaka saba. Nikaishiwa nguvu. Chini kumefagiliwa kukang'aa, na kando lundo la majani linafuka moshi. Vibarua wawili wameegemea mafagio yao.

"Nani kawatuma?"

"Mama, msimamizi mpya kasema kuna wageni leo, pawe safi."

Sikuwagombeza, wametumwa. Nikachutama nikawaonyesha. Majani ya mvinje ni kama sindano, magumu, yana ukakasi, hayaozi upesi. Anayeyaweza ni jongoo mwenye miguu myekundu. Anayatafuna, na kinyesi chake ndicho udongo wenyewe. Nikakwangua kipande walichokisahau kando ya shina, ukucha ukatoka na uchafu mweusi, laini, wenye harufu ya mvua. Miaka saba imetupa unene wa kidole kimoja. Kwenye jivu majongoo yamejikunja, makavu kama vifungo vya koti.

Msimamizi akaja. Nikamweleza. Akanijibu, "Mama, majani ni takataka." Nikamweleza tena, taratibu, maana ni mkubwa wangu kazini japo kwa umri ni mwanangu. Akatazama saa, akasema tufanye tunavyotaka wageni wakishaondoka. Tukangoja. Jua la saa 6 likatukuta tumekaa, na mimi kila dakika naona mwamba ule ulio wazi ukizidi kukauka. Wageni walipita garini, vioo juu, hawakushuka.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Gunia baada ya gunia la majani kutoka shamba kuukuu, kichwani, mwendo wa dakika kumi juu ya mawe makali. Majongoo tukayaokota kwa mkono, ndani ya ndoo. Nilihesabu mpaka 200, nikaacha. Kiuno kilikataa kunyooka. Kijana mmoja aliyekuwa akiyaogopa asubuhi sasa anayashika matatu matatu, ananiuliza yanakula nini tukimaliza majani haya. Swali hilo lilinipunguzia uchovu kuliko maji niliyokunywa.

Saa ngapi ilikuwa sijui, kivuli kilikuwa kirefu. Nikawapeleka shamba kuukuu wakaone tunakokwenda. Mbegu za mvinje hazioti chini ya kivuli cha mivinje yenyewe. Mvinje ukizeeka unaanguka, na nafasi yake huchukuliwa na miti mingine. Tumeshapanda mvule na mbambakofi kwenye udongo ule. Lakini karibu na shina moja lililooza palikuwa na mche wa mkuyu, majani manne, urefu wa kidole. Hakuna aliyeupanda, ni popo aliyekula tini akapita juu.

Yule kijana akaokota mawe matatu, akauzungushia, fagio lisije likaupitia kesho.