Ada Walisamehe, Michango Nikalipa: Nilivyosoma Uzamili Chuo cha Umma Marekani

Karatasi ya kwanza niliyoisoma kwa makini baada ya kufika Marekani, Agosti 2017, ilikuwa bili. Mstari wa juu ulisema ada ya masomo, dola 13,480 kwa muhula. Chini yake palikuwa na kiasi kilekile, kimetanguliwa na alama ya kutoa. Nikashusha pumzi. Kisha macho yakateremka. Ada ya teknolojia, ada ya mabasi, ada ya uwanja wa michezo, ada ya jengo la wanafunzi, ada ya wanafunzi wa kigeni. Jumla dola 742, mwisho wa kulipa tarehe 5 Septemba. Posho yangu ya kwanza ilikuwa itoke mwisho wa mwezi huo.

Aliyesoma sekondari ya serikali Tanzania kabla ya 2016 ataielewa hali ile haraka. Ada ya bweni ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka, na mama yangu, anayeuza machungwa Muheza, aliipanga mapema na kuilipa. Kilichomkosesha usingizi ni michango: ya mlinzi, ya dawati, ya mitihani, rimu ya karatasi. Nilivuka bahari nikakuta michango imenitangulia.

Lakini nianzie nyuma, kwa sababu kufika kwenye bili yenye sifuri katika mstari wa ada kulinichukua mwaka mzima na nusu, na wanaoniandikia siku hizi huuliza hasa kuhusu kipindi hicho.

Nilimaliza shahada ya kwanza ya isimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Nilitaka uzamili na sikuwa na wa kunilipia. Kwa miezi kadhaa nilitafuta ufadhili kama watu wengi wanavyotafuta, yaani nikingoja tangazo la mfadhili mkubwa, najaza fomu, nangoja tena. Mwalimu wangu mmoja, ambaye yeye mwenyewe alisoma huko, ndiye aliyenitoa kwenye kungoja. Alisema, "Mwanangu, usiwaandikie watu wa udahili peke yao. Iandikie idara. Idara ndiyo inayojua kama inahitaji mtu wa kufundisha Kiswahili."

Sikuwa nimejua kwamba vyuo vikuu vya umma vya Marekani vinafundisha Kiswahili kwa wingi ule, wala kwamba madarasa hayo mara nyingi hubebwa na wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Unafundisha saa 20 kwa wiki (kuandaa somo na kusahihisha ni ndani ya hizo hizo), na viza ya mwanafunzi hairuhusu zaidi ya hapo wakati wa muhula. Kwa kazi hiyo chuo kinakulipa posho na kukusamehe ada. Si tuzo, ni sehemu ya ujira, na ukilielewa hilo unaandika barua kwa sauti nyingine. Barua zangu za mwanzo zilikuwa za kuomba kusaidiwa. Za baadaye zilieleza ninachoweza: nimefundisha wageni Kiswahili Dar kwa likizo mbili, naweza kueleza ngeli kwa Kiingereza, naweza kushika darasa la mwaka wa kwanza peke yangu.

Nilipata udahili vyuo vitatu. Kimoja kilikuwa chuo binafsi chenye jina kubwa, ndugu walishangilia. Kilinipunguzia asilimia 40 ya ada. Nilikaa na mama tukapiga hesabu ya asilimia 60 iliyobaki, pamoja na chumba na chakula, tukafika dola zaidi ya 40,000 kwa mwaka. Mama aliifunga daftari bila kusema neno. Viwili vingine vilikuwa vya umma, vyote vinasema msamaha wa ada. Hapa ndipo nataka mtu asome taratibu.

Chuo cha umma cha Marekani kina bei mbili. Mkazi wa jimbo, ambaye familia yake inalipa kodi pale, hutozwa bei ya chini. Anayetoka jimbo jingine au nchi nyingine hutozwa mara mbili, pengine mara tatu. Kwa hiyo kuna msamaha unaofuta ada yote, kuna unaofuta ile tofauti tu ili mgeni alipe kama mkazi, na kuna unaofuta bei ya mkazi ukakuachia tofauti. Kwenye barua yote huitwa kwa jina moja. Rafiki yangu kutoka Kisii, aliyekuwa shahada ya kwanza, alikuwa na ule wa pili. Kwake ulikuwa neema, kwa sababu mjomba wake aliweza kulipa bei ya mkazi na asingeweza hata nusu ya bei ya mgeni. Kwangu mimi ungekuwa mwisho wa safari.

Basi nikaziandikia idara zote mbili maswali manne. Msamaha unafuta ada yote au sehemu? Ni wa miaka mingapi, na unategemea nini kuendelea? Kiangazi je, ile likizo ndefu ya katikati ya mwaka? Na ni malipo gani hausamehe? Idara moja ilijibu kwamba msamaha ni wa mwaka wa kwanza, mwaka wa pili "itaangaliwa." Nyingine, iliyopo katika jimbo la jirani na Illinois, ilijibu kwa siku mbili: ada yote, miaka miwili, alimradi nifundishe na alama zisishuke. Swali la nne walilijibu kwa neno moja tu, kwamba kuna ada nyingine ndogondogo. Nilipaswa kuuliza ni kiasi gani. Sikuuliza.

Ubalozini Dar mahojiano hayakufika dakika tano. Afisa aliuliza nani ananilipia. Fomu ya I-20, ambayo chuo hukupa ili uombee viza, ilikuwa imeandika msamaha wa ada na posho kama fedha kutoka chuo chenyewe, na nikamjibu hivyo hivyo: nitafundisha Kiswahili, chuo kinanisamehe ada na kunilipa. Nilikuwa nimeshatoa dola 160 za viza na 200 za SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, fedha za kikoba cha mama, nazo hazirudi hata ukinyimwa.

Turudi kwenye zile dola 742. Kwa kiwango cha wakati ule ni zaidi ya shilingi milioni moja na laki sita, na mfukoni nilikuwa na dola 900 za kodi ya chumba na chakula. Nililia kidogo, sioni haya kusema. Asubuhi nikaenda kwa katibu wa idara, mama wa makamo aliyewaona wengi kama mimi. Alinionyesha fomu ambayo hakuna aliyekuwa amenitajia: wanaofundisha wanaweza kuomba ada hizo zikatwe kwenye posho, kidogokidogo, hadi mwisho wa muhula. Nikasaini palepale. Bima ya afya nayo ikaingia kwenye makato. Posho yangu ilikuwa dola 1,560 kwa mwezi, miezi tisa, na baada ya makato na kodi haikuwa na mbwembwe, ila nilikula na nikasoma.

Muhula ule ule, nikiwa naanza kuzoea baridi, nilijifunza jinsi msamaha huu unavyoweza kutikiswa. Tarehe 16 Novemba 2017 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha muswada wa kodi ambao, ndani yake, ungefanya ada iliyosamehewa ihesabiwe kama kipato. Mimi nilikuwa nalipwa dola 14,040 kwa mwaka. Ada niliyosamehewa ilikuwa 26,960. Ningekatwa kodi kama mtu anayepokea 41,000, wakati hizo nyingine sijazishika hata kwa macho. Ofisini kwetu tulikuwa sita, kutoka nchi tano, na wiki ile hakuna aliyeandika ukurasa wa tasnifu. Mwishoni mwa mwezi wanafunzi wa vyuo vingi walitoka madarasani kupinga. Muswada wa Seneti haukuwa na kifungu hicho, na sheria iliyosainiwa tarehe 22 Desemba haikuwa nacho pia. Mama aliponipigia Krismasi alidhani nalia kwa kukumbuka nyumbani.

Miezi miwili baadaye, kule Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign, wasaidizi wa kufundisha waligoma karibu wiki mbili. Posho ilikuwamo katika madai, lakini msamaha wa ada ndio uliokuwa moyo wa mgogoro: walitaka mkataba uendelee kuulinda, chuo kisiweze kuupunguza kitakavyo. Mwaka 2009 waligoma siku mbili kwa jambo hilo hilo. Nilifuatilia kila siku. Niliwaelewa kabisa, kwa sababu msamaha usioandikwa kwenye mkataba ni ahadi, na mtu hawezi kupanda ndege kwa ahadi.

Wako wanaosema msamaha huu unamtwisha mzigo mwanafunzi anayelipa ada. Nimelifikiria sana, maana wanafunzi wangu wengi walikuwa wakilipa, na wengine wakikopa. Nilikuwa na darasa la watu 19 asubuhi saa tatu, siku nne kwa wiki. Hao 19 walilipia somo la Kiswahili, na aliyekuwa mbele yao ni mimi, kwa posho ambayo mhadhiri wa kuajiriwa asingeikubali. Kile kiti changu kwenye semina ya fonolojia kingekuwapo hata kama nisingekikalia. Chuo binafsi chenye hazina nono kinaweza kumvuta mwanafunzi kwa fedha taslimu. Chuo cha umma kinachosubiri bajeti ya jimbo hakina fedha hizo, ila kina viti na kina madarasa yanayohitaji walimu. Kikivibadilishana kwa haki, kinampata mtu ambaye chuo chenye jina kubwa kilimkosa kwa asilimia 60.

Ndiyo maana nikiwa huko nilikuwa nafikiria Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka wangu wa pili pale, semina moja ilikuwa na watu zaidi ya 50, wengine wamesimama dirishani, na wakati huo huo nawajua watu watatu, wenye akili kunizidi, walioacha uzamili katikati kwa kukosa ada. Watu hao wangeweza kushika semina zile, wagawe kundi mara tatu, na chuo kiwasamehe ada. Natamani jambo hilo liandikwe kuwa utaratibu wa wazi, lenye saa za kazi, muda na mkataba, lisibaki kwa hisani ya mkubwa mmoja. Nimelisema kwenye kila kikao nilichoalikwa tangu nirudi 2019, na nitaendelea kulisema.

Kiangazi changu cha 2018 ndicho kilichonishinda. Msamaha haukufika huko, na posho ilikuwa ya miezi tisa. Nilihamia chumba kimoja na msichana wa Kihindi wa idara ya takwimu, tukagawana kodi, nikafanya kazi maktaba ya chuo hadi Agosti. Somo nililotaka kulisoma kiangazi nililiacha. Nililisoma muhula wa mwisho pamoja na tasnifu, na ninavyoona sasa, ningejua mapema ningeweka akiba ya dola 100 kila mwezi tangu Oktoba.

Juzi binti mmoja wa Songea amenitumia barua yake ya udahili, chuo cha umma, msamaha wa ada yote, miaka miwili. Nikamwambia asishangilie bado, awaandikie awaulize ada zisizosamehewa ni dola ngapi kwa muhula na kama zinakatwa kwenye posho. Jana usiku akanijibu: "Dada, shikamoo. Wamesema ni 810, na wanakata kidogokidogo kuanzia mwezi wa pili. Kiangazi hawasamehi. Nimeshaanza kuweka."